Umechoka na vyama vyote viwili? Usiitupe karatasi nzima ya kura

Ndugu zangu mlioapa uraia hapa Marekani, hasa sisi wa jimbo la Maine, naandika hii kwasababu wiki hii tu nimeshasikia watu watatu wanasema hawaendi tena kupiga kura, Democrat wale wale, Republican wale wale. Nawaelewa kabisa, hayo maneno nimeyasema mwenyewe.

Mi niliapa 2015, kura yangu ya kwanza 2016. Kabla ya uchaguzi vijana wa chama kimoja walikuwa wanagonga mlango wangu Portland kila wikiendi, shida yako nini mama, nikawaambia kodi ya nyumba, nafanya shifti mbili za kuhudumia wazee na nusu ya mshahara inaishia kwa mwenye nyumba. Wakaandika kwenye simu zao, nikawapa kura. Uchaguzi ulipopita hakurudi hata mmoja, kodi ikapanda, nikapiga simu ofisini kwao nikaambiwa nitapigiwa, mpaka leo. Chama cha pili nacho nikisikia wanavyotusema sisi wahamiaji roho inaniuma. Basi 2018 nikakaa nyumbani.

Najuta. Maana mwaka huo huo ndio tulianza kutumia kura ya kupanga wagombea kwa namba kwenye uchaguzi wa wabunge wa Washington, unaweka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye eneo la pili la ubunge la Maine, Bruce Poliquin wa Republican aliongoza hesabu ya kwanza lakini hakufika nusu, wakaangalia waliowachagua wagombea huru wameweka nani wa pili, Jared Golden wa Democrat akashinda. Yani watu waliovikataa vyama vyote viwili ndio walioamua. Na utaratibu huu haukuletwa na chama, 2010 Paul LePage alipata ugavana kwa kama asilimia 38 tu kwasababu kura zilitawanyika, watu wakachoka, wakakusanya saini, 2016 wananchi wakaupitisha wenyewe.

2020 nilipiga kwa posta, nimekaa mezani jikoni usiku na kalamu nyeusi, nikafika kwenye maswali ya jiji, yale ya kujibu ndiyo au hapana, na hapo nikasimama. Kulikuwa na swali la kudhibiti upandishaji wa kodi za nyumba. Kodi! Kile kile nilichowaambia wale vijana mlangoni miaka minne nyuma, kimeletwa na wakazi kwa saini zao, na pembeni hakuna jina la chama chochote. Nikajaza kile kiduara taratibu mpaka kikajaa vizuri. Kikapita.

Kwahiyo ushauri wangu, anza kuisoma karatasi kutoka chini, kwenye mambo ya jiji. Halmashauri ya jiji na bodi ya shule hapa Portland hawagombei kwa tiketi ya chama, na mtu wa kwetu anaweza kuingia, Pious Ali kazaliwa Ghana, akaingia bodi ya shule 2013, halmashauri 2016. Hawa unaweza kwenda kikaoni kwao ukasema shida yako kwenye maiki, mi nimeenda, mikono inatetemeka lakini nilisema, na walinisikiliza mpaka mwisho.

Pia sio lazima ujiandikishe kwenye chama. Mi nimejitoa, na tangu 2024 Maine asiye na chama anaruhusiwa kupiga kura ya mchujo ya chama kimoja anachochagua, ya mwezi wa sita ambayo wengi tunaipuuza wakati hapo ndipo wanapowekwa hao wagombea tunaowalalamikia mwezi wa kumi na moja. Na kwenye urais, useneta na ubunge wa Washington panga namba zako bila woga, mgombea huru wa kwanza, halafu yule unayeweza kuvumilia wa pili. Ila angalia, ugavana na bunge la jimbo mwezi wa kumi na moja bado ni mtindo wa zamani, chaguo ni moja, hapo fikiria vizuri.

Kama hujajiandikisha bado, Maine unaandikishwa siku ile ile ya uchaguzi, beba kitambulisho na kitu chenye anuani yako kama bili ya umeme. Na wewe wa Portland usiye na usafiri niandikie mapema, mi natoka shifti saa tisa mchana, nakupitia tunaenda wote.