Nimeambiwa Bwana amesema niache kazi. Nifuate unabii au Biblia?

SWALI: Bwana asifiwe, mtumishi. Katika kikundi chetu cha maombi kuna mama ninayemheshimu sana. Ameniambia ameonyeshwa kwamba niache kazi kabla mwezi huu haujaisha, nimtumikie Mungu wakati wote. Mimi mwenyewe sijasikia kitu, na nina wadogo zangu wawili ninaowalipia ada. Kaka yangu, naye ameokoka, anasema siku hizi Mungu haongozi mtu kwa njia hiyo, kila kitu kimo kwenye Biblia, nisome tu. Nimsikilize nani bila kumkosea Roho Mtakatifu?

JIBU: Amina, dada yangu. Kwanza, barua ya kuacha kazi usiiandike. Halafu fungua 1 Wafalme 13.

Mtu wa Mungu, ambaye jina lake hatutajiwi, alitoka Yuda akaenda Betheli kuikemea madhabahu ya mfalme Yeroboamu. Bwana alimwagiza asile huko, asinywe maji, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme akamkaribisha kwake na kumwahidi zawadi. Akakataa, akasema hata akipewa nusu ya nyumba ya mfalme haingii. Baadaye akiwa ameketi chini ya mwaloni, akamjia nabii mzee wa mji ule: mimi nami ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe nyumbani kwangu ule. Akarudi, akala. Mzee alikuwa anadanganya, na Biblia inasema hivyo waziwazi. Mgeni alipoondoka, simba akamwua njiani. Wapita njia waliukuta mwili umetupwa barabarani, punda kasimama huku na simba kule, wala simba hajaila maiti wala kumrarua punda.

Kila ninapoifundisha sura hii mtu huniuliza kama huo si uonevu. Inatisha, nakubali. Lakini tazama: zawadi za mfalme zilishindwa kumyumbisha, neno "malaika" likaweza. Agizo alilipokea mwenyewe, akaliacha kwa sababu ya malaika ambaye hakumwona, na hakumrudia Mungu kuuliza hata swali moja. Mvi za yule mzee zilimtosha.

Ndiyo maana sipendi tunavyosema habari ya "kusawazisha" Neno na Roho, kana kwamba ni vitu viwili kwenye mzani, ukiongeza huku unapunguza kule. Petro anasema wanadamu walinena yaliyotoka kwa Mungu wakiongozwa na Roho Mtakatifu (2 Petro 1:21). Roho huyo huyo haji leo kutangua alichokisema mwenyewe. Kumpima mtu anayesema "Bwana amesema" si kumkosea Roho. Paulo anaandika msimzimishe Roho, msitweze unabii, na hajavuta pumzi anaongeza: jaribuni mambo yote (1 Wathesalonike 5:19-21).

Kaka yako ana haki kuhusu kipimo, yaani Biblia, ila amekifanya kipimo kuwa kisingizio cha kutosikiliza. Ibilisi naye alimnukulia Yesu Zaburi ya 91. Na si Maandiko yaliyomwambia Paulo asipite jimbo la Asia wala la Bithinia. Ni Roho aliyemzuia huko kote (Matendo 16). Kisha usiku, katika mji wa Troa, akaona maono ya mtu wa Makedonia akimwita. Hapo soma polepole, hata viambishi vya vitenzi: maono aliyaona Paulo peke yake, ila Luka anaandika "tuliona hakika" kwamba Mungu ametuita. Ya mmoja yakawekwa mbele ya wenzake, wakakubaliana, ndipo wakasafiri. Na huko Filipi, mji wa Makedonia, walipigwa fimbo na kutiwa gerezani, kwa hiyo usidhani njia ikiwa ngumu basi Mungu hakuongoza.

Jambo jingine, na hili wengi hulipita. Mtu anaweza kuonyeshwa kitu cha kweli akakitafsiri vibaya. Nabii Agabo alijifunga kwa mshipi wa Paulo akasema mwenye mshipi huu atafungwa Yerusalemu (Matendo 21). Hakusema "usiende." Waliosema hivyo, kwa machozi, ni ndugu waliokuwepo. Paulo akaenda. Labda mama huyo wa kikundi chenu kweli aliona utumishi wako. Je, "acha kazi" na "kabla ya mwisho wa mwezi" alivipata wapi?

Maana kuhusu kazi hatukuachwa gizani. Paulo alishona mahema huku akihubiri (Matendo 18:3). Na kwa Timotheo anaandika maneno makali juu ya mtu asiyewatunza walio wake (1 Timotheo 5:8). Hao wadogo zako wawili wamo ndani ya aya hiyo. Hakuna mahali utumishi unapokuwa mtakatifu zaidi kwa sababu mshahara umekatika.

Mwambie mama hivi, kwa heshima yote: nimesikia, nashukuru, naomba muda niombe na niwashirikishe wazee wa kanisa. Mwombe naye aendelee kukuombea. Mwezi uishe ukiwa kazini. Neno likiwa la Bwana, mwezi ujao bado litakuwa lake, na aliyetuma ujumbe kwa mtu mwingine anaijua pia njia ya kuufikisha kwako. Akikasirika kwa kuambiwa usubiri, au akianza kukutishia laana, niandikie tena kabla hujafanya lolote.