Kabla Hujaambiwa Injini Imekufa: Jinsi ya Kuichunguza Chenso Yako Nyumbani

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Makambako, mkoani Njombe, ambaye chenso yake (msumeno wa injini) inawaka vizuri asubuhi, inakata kwa dakika chache, kisha inaishiwa nguvu na kuzima, na haikubali kuwaka tena mpaka ipumzike. Fundi aliyempelekea hakuhangaika hata kuchomoa plagi ya cheche. Alivuta kamba, akatikisa kichwa, akatamka kwamba silinda na pistoni vimekwisha, kisha akataja bei ambayo kwa hesabu ya msomaji wangu inakaribia nusu ya thamani ya chenso mpya. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, niitengeneze au niiuze tu?"

Nilimjibu asifanye lolote kati ya hayo mawili kwanza. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi, na mpaka leo nikiyakumbuka damu inanichemka.

Chenso yangu niliinunua kwa fedha za nguzo za milingoti (mikaratusi), yaani mavuno ya kwanza ya shamba la familia. Nadhani wengi mnaosoma hapa mna nia kama yangu: mtu awe na miti yake, akate mwenyewe, apasue mbao zake, asilazimike kumbembeleza mchana mbao, yaani mpasuaji, ambaye msimu ukipamba moto hapokei hata simu. Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia siku ile ilipoanza kuzima katikati ya gogo, tena nikiwa nimekwisha kupokea malipo ya awali ya mteja.

Niliipeleka kwa fundi mmoja mjini ambaye sina haja ya kumtaja. Alifungua injini yote mbele yangu, akaigeuza silinda kwenye mwanga, akanionyesha mistari myembamba inayokatizana ndani yake na kusema, "Umeona ilivyolika?" Niliona, na nikalipa. Leo najua kwamba mistari ya namna ile, myembamba na iliyopishana kama wavu, huachwa kiwandani kwa makusudi ili ishike oili. Silinda iliyoharibika huwa na mikwaruzo inayofuata mwendo wa pistoni, juu na chini, mirefu kiasi kwamba ukucha unaihisi. Pistoni mpya ikawekwa, ringi zikawekwa, fedha ya mteja ikaishia hapo, na kesho yake chenso ikazima shambani vilevile kama ilivyokuwa ikizima.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mchana mbao aliyekuwa akipita na vijana wake. Hakuomba spana wala bisibisi. Aliniambia, "Legeza mfuniko wa mafuta." Nikalegeza, tangi likavuta hewa kwa mlio wa kunyonya, nikaufunga, nikavuta kamba, ikawaka. Mzee akasema, "Mwanangu, hiyo imekosa pumzi tu," akaenda zake.

Maana yake ni hii. Tangi la mafuta lina kipumulio, kitundu kidogo chenye vali, ambacho huingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Vumbi la mbao likichanganyika na utomvu wa misindano (mipaini) huziba kile kitundu, tangi linabaki likivutana na kabureta, inayochanganya mafuta na hewa, na baada ya dakika chache kabureta inashindwa kunyonya. Ukiiacha, hewa hupenya taratibu na injini inawaka tena, ndipo watu husema ina ugonjwa wa joto. Kukisafisha kipumulio hakukunigharimu chochote.

Hata hivyo, dalili hiyo hiyo huweza kuletwa na koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, ikikata cheche inapopata moto, na ndiyo sababu nasisitiza utaratibu wa kuuliza kabla ya kununua. Chenso ikizima, jambo la kwanza ni mfuniko. Ikiwaka baada ya kuulegeza na kuufunga tena, umepata jibu. Isipowaka, chomoa plagi papo hapo ingali na moto, ichomeke kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye mapezi ya silinda mbali na tundu la plagi ili mvuke wa petroli usilipuke, halafu vuta kamba. Cheche ikikosekana injini ikiwa na moto na ikarudi ikipoa, shuku koili. Lakini kabla hujatoa fedha ya koili, tenganisha waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya kuzimia ujaribu tena, kwa maana waya huo ukichubuka na kugusa bodi huua cheche kabisa, na wapo watu wamenunua koili kwa kosa la waya.

Injini ndogo ya namna hii inahitaji vitu vinne tu: cheche, mafuta, hewa na mgandamizo. Vichunguze kwa mpangilio huo, kutoka cha bei nafuu kwenda cha ghali. Plagi yenyewe itakueleza mengi. Ikitoka imelowa, mafuta yanafika lakini hayachomwi. Ikitoka kavu kabisa baada ya kuvuta kamba sana, mafuta hayafiki, na hapo utafute filta iliyo ndani ya tangi, ambayo hutolewa kwa waya uliokunjwa ncha kama ndoana. Ikiwa na masizi meusi, mafuta au oili vimezidi, au ea klina (chujio la hewa) imeziba. Ikiwa nyeupe, injini inapata mafuta machache kuliko hewa, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Nafasi ya kurukia cheche kwenye chenso nyingi ni milimita 0.5.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lingeniokolea fedha yangu. Hakuna sababu ya kuipasua injini ili kujua hali ya pistoni. Fungua egzosi, ambayo kwa kawaida imeshikwa na bolti chache tu, kisha vuta kamba polepole huku ukimulika tochi ndani ya tundu la moshi. Utaiona pistoni ikipanda na kushuka pamoja na ringi zake. Ikiwa uso wake ni laini na unang'aa, mwambie fundi wako asante na uondoke na chombo chako. Ikiwa imekwaruzwa upande ule wa egzosi, ni kweli imeungua, lakini hata hapo hujamaliza, kwa sababu ukiweka pistoni mpya bila kujua kilichoiunguza ile ya kwanza, utaunguza na ya pili. Mgandamizo nao hupimwa kwa mkono: chenso ikiwa imezimwa na breki ya mnyororo imefungwa, ishike kwa mpini wa kamba uiache ining'inie. Nzima hushuka kwa kusitasita, iliyokwisha huporomoka. (Zile zenye springi ya kurahisisha kuwasha hazipimwi hivi, zitakudanganya.)

Kinachounguza pistoni huku kwetu ni mchanganyiko wa mafuta. Kwa oili nzuri ya 2T, yaani ile ya kuchanganya na petroli, watengenezaji wengi huagiza sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, ambayo ni mililita 20 kwa lita 1, au mililita 100 kwa lita 5. Nimewaona watu wakikadiria kwa kizibo cha chupa, na nimewaona wengine wakimimina mpaka rangi iwapendeze. Mimi hutumia bomba la sindano la mililita 20 linalouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, na natikisa galoni kila ninapojaza tangi. Petroli iliyokaa muda mrefu kwenye chupa za kando ya barabara sipokei, hata ikiwa ni hisani.

Kisha kuna kabureta na muinuko, jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mafinga huku kwetu, mkoani Iringa, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo chenso iliyorekebishwa pwani ikifika huku hupata mafuta mengi kuliko hewa, hutoa moshi na kulegea. Ukiirekebisha hapa ikakubali, kisha ukaishusha pwani bila kuigusa, itakosa mafuta na kuungua. Kwenye chenso zenye skrubu, L ni ya mwendo mdogo na H ni ya resi kamili, na ile ya tatu, iliyoandikwa LA au T, huifanya ikae sailensa, yaani ingurume taratibu bila kushikwa resi, bila mnyororo kuzunguka. Usikaze H ili ipige kelele kali. Ikiwa haina mzigo na umeshika resi yote, mlio sahihi una mkorogeko kidogo, unaotakata pale mnyororo unapoingia kwenye mti. Chenso inayoimba kwa sauti nyembamba unaisifu leo na kuizika kesho.

Nimeona pia wengi wanaishutumu injini wakati kosa ni la mnyororo. Tazama kinachotoka chini ya mti: mnyororo mkali hutoa vipande, uliobutuka hutoa unga, na mtu huanza kuukandamiza mpaka moshi unatoka. Tupa ya duara hununuliwa kwa kipimo cha mnyororo. Ule wa inchi 0.325 hunolewa kwa tupa ya milimita 4.8, na kila jino lipate idadi ileile ya misukumo, la sivyo chenso itakata kwa kupinda. Baa, ule upanga unaobeba mnyororo, igeuzwe kila unoapo. Na wale mnaoweka oili chafu ya gari kwenye tangi la mnyororo, mnajua wenyewe kwamba ina vumbi la chuma, nayo huila pampu na kukurukia usoni. Acheni. Fedha mnayookoa hapo mnailipa kwenye baa mpya, na bado mnalalamika kwamba chombo ni kibovu.

Ndugu zangu, vijana tunaoanza na mashamba ya miti, hatuwezi kudai kujitegemea huku tukikabidhi chombo cha kazi kwa mtu yeyote mwenye mikono yenye grisi. Uliza kwanza. Dai kuonyeshwa cheche. Dai kuonyeshwa pistoni kupitia egzosi. Fundi mkweli hatakasirika, na anayekasirika amekujibu.

Zipo kazi ambazo hata mimi sizifanyi nyumbani. Injini ikipanda resi yenyewe na kuchelewa kushuka ukiachia, au ikinguruma kwa kasi kabla tu ya kuzima, huenda inavuta hewa kupitia mpira wa kabureta uliopasuka, ambao utauona kwa macho, au kupitia sili za krenki (mipira inayoziba hewa kwenye mhimili wa injini), ambazo huhitaji pampu ya kupimia na kifaa cha kung'olea. Usiendelee kukata nayo ikiwa hivyo. Hiyo naipeleka kwa fundi na kumlipa bila kunung'unika, ila nakaa palepale anapofanyia kazi, na kila kipuri anachobadilisha naondoka na kile cha zamani.