Kabla ya kuagiza dawa ya Friedreich

Pole sana dada. Mdogo wako ana miaka 19, anayumba akitembea, daktari anahisi ni ataksia ya Friedreich (ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva na kuvuruga mwendo), nawe unataka kuagiza omaveloxolone mtandaoni. Usiagize kwanza. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, haiponyi. Inapunguza kasi ya ugonjwa tu (na bei yake inatisha). Tena yaweza kusumbua ini, ndiyo maana damu hupimwa kila mwezi miezi 3 ya mwanzo.

Mwombeni daktari wa neva kipimo cha vinasaba na cha kiwango cha vitamini E kwenye damu. Upungufu wa kurithi wa vitamini hiyo hufanana mno na Friedreich, ila wenyewe una tiba: vitamini E ya dozi kubwa, maisha yote, chini ya daktari. Moyo na sukari vipimwe pia, maana Friedreich huweza kuvigusa. Moyo ukimwenda mbio au akakosa pumzi, hospitali usiku huohuo.