Kibati cha Beetle yangu kimepotea. Je, nichongeshe kingine?

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya 1967 niliyoachiwa na marehemu baba. Kibati cha kiwandani chenye nambari ya chesisi, kilichokuwa chini ya boneti ya mbele, hakipo. Fundi mmoja hapa Nairobi ameniambia kwamba bila hicho bei itashuka nusu, ila yeye anaweza kunichongea kingine kwa Sh4,000, hata mjuzi asitambue. Nikubali? – Msomaji, Kasarani

JIBU: Usikubali. Na kama amekwisha kukichonga, kitie kwenye droo; kisiguse gari.

Nakutana na swali hili kila mara katika kazi yangu ya kuthamini magari ya zamani, na karibu kila mara nyuma yake kuna mtu aliyemtia mwenye gari hofu, kisha akamuuzia dawa ya hofu hiyo hiyo. Kibati ni kipande cha bati kilichoshikwa kwa ribiti nyuma ya gurudumu la akiba. Wapiga rangi hukitoa ili wapulize vizuri, wakasahau kukirudisha. Gari la miaka zaidi ya 50 kukosa kibati si ajabu. Mnunuzi makini atakupunguzia kidogo, basi.

Nambari yenyewe ya chesisi imepigwa kwenye chuma cha gari, juu ya ule mgongo wa katikati, chini ya kiti cha nyuma. Inua kiti uitazame. Ukikuta tarakimu tisa zinazoanza na 117, hiyo ni modeli ya 1967. Volkswagen walianza kuitengeneza Agosti 1966, kwa hiyo usishtuke logbuku ikiandika 1966. Nambari ya injini iko chini ya dinamo, na herufi yake ya kwanza inaonyesha ukubwa wa injini: H ni cc 1500, F ni cc 1300, D ni cc 1200. Beetle nyingi hapa kwetu zimekwisha kubadilishwa injini, na hilo si aibu mradi mabadiliko yamesajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Chesisi ikilingana na logbuku, unaweza kuandikia jumba la makumbusho la Volkswagen kule Wolfsburg, Ujerumani, wakupe cheti kinachoonyesha gari lilitoka kiwandani lini, likiwa na rangi gani. Utahitaji nambari ya chesisi. Cheti hicho kina uzito kuliko bati lolote.

Najua imani hii inakotoka. Watu wamesoma habari za magari ya Marekani, ambako kibati kinaweza kuamua bei. Chukua Chevrolet Camaro ya 1969: nambari yake ya chesisi inakuambia tu kama ilitoka na injini ya silinda sita au nane. Haikuambii kama ni Z/28, lile toleo la kasi linalosakwa sana. Ndiyo maana wanunuzi wa kule wanachungulia kibati cha bodi na makaratasi, wakitafuta ushahidi ambao chesisi haina. Kibati cha Beetle yako kinarudia nambari ambayo tayari imo kwenye chuma. Ukikipoteza, hujapoteza habari yoyote kuhusu utambulisho wa gari.

Kibati cha kuchonga ndicho kinachoua bei. Niliwahi kukagua Beetle safi sana, bodi haina kutu, mnunuzi ameshika hundi. Nikafungua boneti: kibati kinang'aa, ribiti ni za juzi, herufi hazifanani na za kiwanda. Swali la kwanza la mnunuzi lilikuwa, "Na chesisi je, nayo imechezewa?" Haikuwa imechezewa. Lakini hakungoja nimalize kuikagua. Bati la shilingi elfu chache lilitia shaka gari zima, na mwenye gari alikuwa mtu mwaminifu aliyesikiliza ushauri mbovu.

Wapo wabaya zaidi. Hao huchukua grinda wakasema wanaifanya nambari ya chesisi isomeke vizuri, kisha wanaipiga upya kwa nyundo. Msiwaruhusu! Alama za grinda hazifutiki, na chesisi iliyosagwa huwezi kuieleza mbele ya polisi hata kama gari ni la babako. Rangi ikiwa imeifunika nambari, tumia thina na brashi laini, kisha mulika tochi kwa upande upige picha.

Na wengine wananunua kibati pamoja na logbuku ya gari lililokufa ili wapachike kwenye jingine. Sheria yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo Beetle na Peugeot 504 tulizo nazo ndizo hizo hizo, na utambulisho wa gari lililokufa una soko. Ukiletewa kibati kisicho na gari, ukatae, na umuulize anayekuuzia gari lenyewe liko wapi.

Wewe inua kiti kwanza. Mashimo ya ribiti yaache wazi, na mnunuzi akiuliza, mwonyeshe.