Kusema kwenye kikao cha idara, au kunyamaza?

Mwalimu, umeuliza kama uwakemee kikaoni wahadhiri wenzako wanaomdhihaki mwanafunzi wanayedhani ni shoga.

Muulize yeye kwanza kama anataka asemewe. Akikubali, sema, lakini chunga maneno. Sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga inaadhibu "kuendeleza ushoga" kwa kifungo cha hadi miaka 20, na maana yake ni pana mno. Mwenye chuki hakosi pa kukushikia. Mapenzi ya mtu usiyaguse kabisa. Zungumzia mhadhiri aliyeiga sauti ya mwanafunzi mbele ya darasa zima hadi kijana akatoka nje. Huo ni unyanyasaji, awe nani aliyefanyiwa. Tafuta mwenzako wa kukuunga mkono, maana hapa Kampala anayesema peke yake huambiwa anajitetea mwenyewe.

Jina la mwanafunzi lisiingie kwenye kumbukumbu za kikao wala barua pepe ya chuo. Na kama alikueleza siri yake, tulia: Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu kilicholazimisha kuripoti, ingawa sehemu kubwa ya sheria iliiacha. Mambo yakichacha, HRAPF, shirika la haki za binadamu, hutoa msaada wa kisheria.