Pesa ya madawati hupatikana kabla jiko halijawashwa

Swali la wiki: "Klabu yetu ya huduma ina wanachama 22. Tulifanya tafrija ya kuchangia madawati ya shule ya msingi. Tiketi 180 za sh 15,000 ziliisha zote, lakini baada ya gharama zilibaki sh 640,000, yaani madawati manane. Wanachama wamevunjika moyo. Tulikosea wapi?"

Kwenye kuuza hamkukosea. Kuuza tiketi 180 kwa klabu ya watu 22 ni kazi ya kupongezwa. Sasa gawanyeni hesabu hiyo kwa tiketi moja: aliyelipa sh 15,000 alikula, akacheza muziki na kukaa kwenye kiti kilichofungwa utepe kwa karibu sh 11,450, kisha akachangia dawati kwa sh 3,550. Mlifanya sherehe yenye kibakuli cha sadaka mlangoni.

Walafi wa kweli wa pesa yenu ni wanne: ukumbi, muziki, mapambo na mgeni rasmi. Huyo wa mwisho haandikwi kwenye bajeti, lakini ana meza yake ya mbele, zawadi yake, watu aliokuja nao bila tiketi, na saa mbili za kuchelewa ambazo ukumbi na muziki vinaendelea kudai. Kama mnamtaka kwa sababu atatoa mchango mkubwa, mwombeni huo mchango ofisini kwake.

Kanuni ya kuanzia ni dari ya gharama: pesa taslimu itakayotoka mfukoni mwa klabu isizidi robo ya mapato mnayotarajia. Dari hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla mtu hajapiga simu ya kuulizia ukumbi. Ikionekana shughuli haiingii chini ya dari, badilisheni shughuli. Ya kwanza kuifikiria ni pilau ya mchana inayopelekwa maofisini, gereji na sokoni: haihitaji ukumbi wala mshehereshaji, na mnunuzi angekula mchana huo kwa vyovyote.

Hesabu yake ni hii. Sahani 200 za sh 10,000 ni sh 2,000,000. Bei hiyo ni kubwa kuliko ya mgahawani, kwa hiyo tiketi iseme wazi: "Mchango wa madawati, pamoja na sahani ya pilau." Kilo moja ya mchele hutoa sahani nane za mtu mzima mwenye njaa. Sahani 200 ni kilo 25, ongezeni kilo 2 za wanaojitolea, maana wasipopangiwa chakula chao watakula cha wateja. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa kidogo iwe kilo 27 pia. Mafuta lita 4, viazi kilo 10, vitunguu kilo 4 vya pilau na 3 vya kachumbari, nyanya kilo 10, kitunguu saumu na tangawizi gramu 750 kila kimoja. Bizari nyembamba gramu 250, pilipili manga na mdalasini gramu 80 kila kimoja, hiliki 50, karafuu 30 tu. Chumvi andaeni gramu 600, lakini anzeni na 500 kisha muonje.

Kwa bei ya mfano ya sh 12,000 kwa kilo, nyama peke yake ni sh 324,000. Viazi, nyanya na vitunguu wekeni 60,000, viungo na chumvi 26,000, mkaa 40,000. Jumla sh 450,000, chini ya robo. Mchele, mafuta na vifungashio havimo kwa sababu hivyo ombeni. Mwenye duka la jumla anayekwepa barua ya "mchango wowote" hutoa mfuko wa kilo 25 bila maneno mengi, kwa kuwa anauona pale dukani na anajua mwisho wake. Barua iombe kitu kimoja chenye kipimo, ifike wiki sita kabla, na ndani ya siku saba baada ya shughuli arudishiwe barua ya shukrani yenye muhuri na idadi ya madawati. Vifungashio viwe vya foili au boksi, na chakula kibebwe kwenye makreti au vikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na klabu ya huduma kukamatwa nayo ni aibu ya ziada.

Tarehe chagueni kwa kalenda ya tumbo na ya mfuko. Iwe baada ya mishahara kutoka, lakini si Januari ya ada na sare, si Ramadhani, wala si Ijumaa ya Kwaresima ambayo Wakatoliki hawali nyama. Ijumaa ya kawaida inafaa sana, ila oda za Waislamu zifike baada ya swala. Nyama itoke kwa mchinjaji wa halali, na sufuria za kuazima mjue zimetoka wapi. Mteja mmoja akitia shaka, ofisi nzima inarudisha tiketi.

Upishi wenyewe ndipo wengi huharibu. Msipike kilo 27 kwenye sufuria moja. Chini kunaungua, katikati kunakuwa uji, juu mchele unabaki na kiini. Tumieni sufuria tatu za kilo 9, zikifuatana kwa dakika 45: ya kwanza iive saa 5:00, ya mwisho saa 6:30. Mchele uchambuliwe jana yake. Watu wanne humaliza kwa kama saa mbili. Nyama ianze kuchemka alfajiri na supu yake ipimwe, kwani ndiyo maji ya pilau. Kwa mchele ulioloweka nusu saa, lita 13 na nusu za supu na maji kwa kila sufuria ya kilo 9 zinatosha. Anayezidisha kipimo cha nyumbani mara tisa huishia na bokoboko, kwa sababu sufuria kubwa hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo. Vitunguu vikaangwe hadi hudhurungi, maana rangi ya pilau hutoka hapo. Vikiwa vyeusi, mwageni muanze upya. Uchungu wa vitunguu vilivyoungua hauondoki kwa viungo, na unaharibu sahani sabini kwa mpigo. Maji yakikauka, punguzeni moto chini na muweke makaa juu ya mfuniko.

Wapakuaji watumie bakuli moja la kipimo, la nusu lita hivi. Bila bakuli, sahani za kwanza 50 hujaa kwa ukarimu na wa mwisho 20 hupata ukoko na msamaha. Nyama ihesabiwe vipande, na asimame mtu mmoja tu wa kuiweka. Kachumbari ifungwe peke yake. Chakula kiwe kimemfikia mteja ndani ya saa mbili tangu kupakuliwa, kwa sababu kuna bakteria wa wali ambao mbegu zao haziuawi na kuchemka. Pilau ikikaa vuguvugu, mbegu hizo huamka na bakteria hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kilichobaki kiliwe hapo hapo. Msikipeleke kituo cha watoto yatima jioni, hata kama picha yake ingependeza.

Tiketi ziwe na namba, kwenye vitabu vya tiketi kumi, na kila mwanachama asaini alichochukua. Zisizouzwa zirudi siku tatu kabla, na baada ya hapo tiketi isiyorudi ni deni la aliyesaini. Hilo likitangazwa mapema halimuudhi mtu. Likitangazwa baadaye huvunja klabu. Malipo yaingie kwenye Lipa Namba ya klabu, kamwe si kwenye simu ya mhazini, hata akiwa mwaminifu kama saa. Pesa ya klabu ikichanganyika na pesa ya vocha na ada ya watoto wake, yeye mwenyewe atashindwa kujitetea. Taslimu ihesabiwe na watu wawili palepale kabla ya kuondoka, waandike na kusaini: tiketi zilizouzwa mara bei, sawasawa na taslimu pamoja na za simu. Tofauti yoyote iandikwe ilivyo. Mwenye kuifidia kimya kimya kutoka mfukoni mwake anaficha tundu ambalo kesho litakuwa kubwa.

Ahadi nazo zina mahali pake, ila si kwenye jumla. Mshehereshaji anayetangaza "tumepata milioni tano" wakati taslimu ni moja na nusu amewadanganya hata walioahidi, kwani kila mmoja anaona lengo limefikiwa na lake si la haraka tena. Semeni mafungu mawili: taslimu hii, ahadi hii. Kila ahadi iwe na tarehe na mtu wa klabu wa kuifuatilia, apige simu mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, kisha aache. Agizo kwa fundi lifuate taslimu.

Kuhusu akaunti, igeni utaratibu wa vilabu vya Lions, vilabu vya huduma vya kimataifa. Fedha iliyotoka kwa umma inarudi kwa umma. Klabu inaweza kukata gharama za moja kwa moja za shughuli ile, lakini chai ya vikao, beji na ada za makao makuu vinalipwa na ada za wanachama. Hivyo akaunti ni mbili, ya utawala na ya huduma, kila moja na watia saini wasiopungua wawili. Tafrija nyingi huvuja hapa: fulana za wanachama huingizwa "kwenye shughuli".

Wanaowashauri mfanye matembezi ya hisani wasikilizwe kwa tahadhari. Maandamano ya barabarani yanahitaji taarifa polisi saa 48 kabla, trafiki, maji na gari la huduma ya kwanza, na fulana hula kiingilio chote kama hazijapata mfadhili. Bahati nasibu msiigusie kabla ya kuuliza Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. "Ni ya hisani" si kibali. Na kuhusu kuvunjika moyo, mchango wa kwanza wa mfuko ambao leo ni Rotary Foundation, mfuko wa hisani wa vilabu vya Rotary, ulitoka klabu ya Kansas City, Marekani, mwaka 1918: dola 26 na senti 50, zilizobaki baada ya mkutano. Nanyi mliobaki na 640,000 msizitolee machozi.

Turudi kwenye madawati. Kwa hesabu ya juu mnabaki na sh 1,550,000. Kwa bei yenu ya sh 80,000 hayo ni madawati 19, na chenji ya sh 30,000. Kabla ya kumlipa fundi, nendeni kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule muulize ni darasa gani lenye uhitaji, kisha halmashauri ijue kupitia afisa elimu. Kosa la kawaida ni kutengeneza saizi moja. Mtoto wa darasa la kwanza kwenye dawati la darasa la saba ananing'iniza miguu na kuandika kidevu kikiwa mezani. Pimeni watoto watatu: mfupi, wa kati, mrefu. Fundi atengeneze dawati moja la mfano, lipelekwe darasani, wakae watatu waandike, ndipo aendelee na mengine. Mlipeni nusu mwanzo, robo yakiwa yameungwa, na robo baada ya kukagua moja moja.

Fremu iwe ya paipu za mraba, iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na miguu ifungwe paipu ya kulala chini ili isitoboe sakafu. Mbao iwe ya inchi moja, iliyokauka. Mbichi hupinda kabla ya muhula kwisha. Ifungwe kwa boli za milimita 8 wala si kwa misumari wala riveti, ili ubao ukivunjika ubadilishwe ubao peke yake. Yaandikwe kwenye daftari la mali la shule siku ya makabidhiano, mbele ya kamati. Ile chenji ya sh 30,000 inunue boli za akiba na spana ya namba 13, apewe mwalimu wa stoo.