Ukipata signo, jaribu DNA ya samaki kwanza

Jana usiku kijana mmoja wa masters kaniandikia, "Dada, sensa yangu ya DNA imekubali, signo imeshuka vizuri, naweza anza kuandika tesisi?" Sensa ni kifaa cha kutambua DNA fulani, na signo ni umeme unaopima, ukishuka unajua DNA imepatikana. Nikamuuliza kitu kimoja tu, umeijaribu na DNA isiyo ile unayotafuta? Amesoma, hajajibu mpaka saa hii.

Simcheki. Mimi ndo nilikuwa huyo. Nilikuwa natafuta DNA ya bakteria wa TB kwa elektrodi ya dhahabu, na kazi yenyewe si uchawi: unashikiza uzi mmoja wa DNA kwa dhahabu kupitia salfa, hiyo ndo probu, alafu unatia ferisianidi, kemikali inayobadilishana elektroni na dhahabu, na hapo ndo umeme unatoka. Ferisianidi iko na chaji hasi, DNA nayo hasi juu ya zile fosfeti zake, kwa hivyo zinafukuzana, na probu ikikutana na mwenzake chaji inaongezeka pale juu na umeme unashuka. Wangu ukashuka! Nikapiga picha ya skrini nikamtumia mama Githurai, hakuelewa chochote, akasema Mungu ni mwema.

Siku ya kuprizenti, lekchara mmoja akauliza, "Na ukiweka ya samaki?" Watu wakacheka. Hicho kicheko bado nakisikia nikiwa kwa matatu, sidanganyi.

Nikarudi lab, nikatoa DNA ya samoni kwa friji, nikaiweka. Umeme ukashuka vilevile! Sensa yangu ilikuwa inakubali kila mtu kama harusi ya kijijini. Sababu ni uvivu wangu, niliruka merkaptoheksanoli kwa vile inanuka na ilikuwa imebaki kidogo, na bila hiyo dhahabu inabaki wazi, DNA yoyote inajilalia pale. Ile dawa ndo inajaza nafasi na kusimamisha probu wima.

Kwa hivyo sikizeni. Sugua elektrodi na alumina, ya maikroni 0.3 alafu 0.05, ukichora nane kwa kitambaa, pole pole, hata kama mkono unauma. Itie kwa asidi ya salfuriki, upandishe na kushusha volteji tena na tena mpaka mistari ya grafu ilaliane, kama bado inahama hujasafisha, rudia. Weka probu, alafu merkaptoheksanoli saa nzima, si dakika kumi eti unawahi gari. Na kontroli, yaani DNA isiyo ile unayotafuta, inaenda kwanza, kabla ya DNA unayoipenda. Nyinyi mnapenda grafu nzuri kuliko ukweli, na nasema nyinyi nikijihesabu. Sugua, nimesema sugua.

Mimi ilinichukua miezi minne kurudia majaribio yote, mengine stima ikipotea katikati. Mwishowe ya TB ikashuka, ya samoni ikatingishika kidogo tu ikatulia.

Wiki iliyopita yule lekchara amenitumia mwanafunzi wake nimfunze kusafisha dhahabu. Nimemwambia aje Jumatatu saa mbili, na samaki wake.